Elimu kwa Umma: Dispraksia Kazini na Siku 30 za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), Tanzania

Ofisi yetu imekuwa ikipokea malalamiko ya watu wazima walioachishwa kazi kwa kosa linaloandikwa "uzembe", kumbe tatizo ni dispraksia, yaani ugumu wa ubongo kupanga na kuratibu miendo ya mwili, kama kuandika au kushika kikombe. Baadhi yao walilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza mtoto wao alipopimwa, nao wakajiona humo humo.

Karani mmoja wa ghala aliketi mbele yangu, na kabla hatujamaliza kusalimiana chai ilikuwa imeshamwagikia faili lake. Akaomba radhi mara tatu. Barua yake ilisema mwandiko hausomeki na idadi hukosewa. Kwenye nakala ya leja, safu ya "kuingia" na ya "kutoka" zilikuwa zimepandiana, 7 ikisomeka 1. Nikamwomba aitaje ile hesabu kwa mdomo: ilikuwa sahihi yote. Na ghala lile lilikuwa na kompyuta iliyokaa bila kazi mpaka saa tisa.

Hali hii huanza utotoni, na kwa wengi haiishi kwa kutimiza miaka 18. Haina uhusiano na akili, wala si kurogwa. (Aliyeanza kuangusha vitu ghafla ukubwani asisome makala, awahi hospitali.) Mtaalamu wa tiba kazi (anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku) ndiye anayeweza kumpima mtu na kueleza kwa maandishi anashindwa nini na anaweza nini. Maelezo hayo yana uzito kuliko cheti cha mstari mmoja kinachoombwa siku ya mwisho.

Marekebisho mengi hayana gharama ya kutisha: kibodi badala ya kalamu, maelekezo yaliyoandikwa badala ya sita kutupwa kwa mpigo mlangoni, muda zaidi wa kuzoea mashine mpya, mapumziko mafupi, maana kusimamia kila mwendo wa mkono kunachosha kweli.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na kukikiuka ni kosa la jinai. Hoja ya "wewe si mlemavu, mikono unayo miwili" tumeisikia vya kutosha. Si hoja ya kisheria. Lakini kifungu hicho hicho kinatambua masharti ya msingi ya kazi, yaani yale ambayo kazi yenyewe haifanyiki bila hayo, hivyo shauri la dereva halitapimwa kama la karani. Pia Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamtaka mwajiri atafute chanzo cha utendaji duni, atoe mwongozo na muda wa kujirekebisha kabla ya kuachisha. Ofisi haisemi kwamba kila mwenye dispraksia atashinda shauri lake.

Sasa utaratibu, ambao ndipo watu wanapojikwaa. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, siku 60. Hizo ni siku za kalenda: Jumapili inahesabiwa, Idi inahesabiwa. Fomu ni CMA F1. Mpe mwajiri nakala kwanza, upate uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo uiwasilishe Tume. Usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, ila dai la ubaguzi lipo palepale.

Kumpigia simu meneja, kumtuma mjomba akaongee, kusubiri "watakuita tu", hakuna hata kimoja kinachosimamisha siku. Tumelisema hili mara nyingi mno. Aliyechelewa hujaza CMA F2 kuomba asamehewe, na atatakiwa kueleza sababu ya kila siku iliyopita.

Yule karani alikuja siku ya 41. Tukafuta chai mezani, tukaanza na F2. Yeye akiitamka, mimi nikiandika.