Kanuni ya matokeo bora 11: Prost alivyopata pointi nyingi na kukosa ubingwa mwaka 1988

Ukiangalia jedwali la madereva wa Formula One, mashindano ya dunia ya mbio za magari, la mwaka 1988 unaweza kudhani kuna aliyekosea kuandika. Alain Prost alivuna pointi 105, Ayrton Senna 94, na bingwa wa dunia akawa Senna. Hakuna kosa. Pembeni ya jumla hizo kuna safu nyingine, ya pointi zilizohesabiwa, na huko Senna ana 90, Prost 87.

Hiyo ndiyo kanuni ya matokeo bora. Msimu ulikuwa na mbio 16, lakini kila dereva alihesabiwa zile 11 alizofanya vizuri zaidi. Zilizozidi hapo zilikatwa, hata kama alipanda jukwaani kupokea kikombe.

Kanuni hii ilizaliwa pamoja na mashindano yenyewe. Mwaka 1950 kulikuwa na mbio saba, zikahesabiwa nne. Magari ya enzi hizo yaliharibika ovyo, na mbio za Indianapolis huko Marekani, ingawa zilikuwa na pointi za ubingwa, madereva wengi wa Ulaya hawakuzifuata. Kwa hiyo ilionekana si haki dereva mzuri aukose ubingwa kwa sababu injini ilimfia mara mbili tatu. Idadi ya mbio zinazohesabiwa ilibadilika mara kwa mara, nia ikabaki ileile.

Mwaka 1988 kanuni ilikutana na gari lisilokuwa na mpinzani. McLaren, timu ya Prost na Senna, yenye injini ya Honda, ilishinda mbio 15 kati ya 16. Ile moja iliyoponyoka ilikuwa Monza, Italia, ambako Gerhard Berger aliipa Ferrari ushindi wiki nne tu baada ya mwanzilishi wake, Enzo Ferrari, kufariki. Kwa hiyo ubingwa ulikuwa wa watu wawili wa timu moja.

Mshindi alipata pointi 9, wa pili 6, wa tatu 4, kisha 3, 2 na 1. Prost alishinda mara saba na kuwa wa pili mara saba. Kila alipomaliza mbio, hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya pili! Lakini hayo ni matokeo 14, na nafasi ni 11, hivyo nafasi tatu za pili zikakatwa: pointi 18 zikapotea. Senna alishinda mara nane, akawa wa pili mara tatu. Zilizokatwa kwake ni nafasi ya nne na ya sita, pointi 4 tu.

Suzuka, Oktoba 30, ndiko hesabu hii ilikouma. Prost alifika Japani akiwa na pointi 84 zilizohesabiwa, Senna 79. Taa zilipowaka kijani gari la Senna lilizimika. Likaserereka kwenye mteremko, likawaka tena, naye akaondoka akiwa wa 14. Akapita mmoja mmoja, na katika mzunguko wa 28 akampita Prost, akashinda. Ushindi huo ulichukua nafasi ya ile pointi 1 ya nafasi ya sita, akafika 87. Nafasi ya pili ya Prost, ambayo kwa kawaida ni pointi 6, haikumwongezea hata moja, kwa sababu kapu lake lilikuwa limejaa nafasi za pili. Zilibaki mbio za Adelaide, na hata akishinda huko angefika 87 tu, huku Senna akimzidi kwa idadi ya ushindi. Prost alishinda kweli Adelaide. Ubingwa ulikuwa umeshakwenda.

Wapo wanaosema Prost aliporwa. Mimi sikubali, kwa sababu kanuni ilijulikana kabla ya mbio za kwanza Brazili na ilisema wazi kwamba ushindi una uzito kuliko uthabiti. Pale Silverstone, Uingereza, Prost alijitoa mwenyewe kwa sababu ya mvua. Hata angemaliza wa pili, hesabu ya mwisho isingebadilika. Mwenye haki zaidi ya kulalamika ni Graham Hill, ambaye mwaka 1964 alikusanya 41, zikahesabiwa 39, na John Surtees akambwaga kwa 40.

Msimu wa 1990 ulikuwa wa mwisho kutumia kanuni hiyo. Kuanzia 1991 matokeo yote yakahesabiwa, na ushindi ukapandishwa kutoka pointi 9 hadi 10.