Fainali ya NBA ni nini, na kwa nini Celtics na Lakers wakikutana watu wanakesha

Kama umezoea mpira wa miguu, fainali kichwani mwako ni mechi moja, dakika 90, ikishindikana penati, kila mtu aende kwao. NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, haiko hivyo kabisa. Timu zimegawanywa kanda mbili, bingwa wa Mashariki na bingwa wa Magharibi wanacheza gemu mpaka saba, na anayewahi kushinda nne ndo bingwa. Ukifungwa nne mfululizo zile tatu zilizobaki hazichezwi, umefagiwa, nenda likizo.

Mwenye rekodi nzuri zaidi msimu wa kawaida anaanza nyumbani, mbili kwake, mbili kwa mwenzake, halafu kuanzia ya tano wanapokezana mojamoja, kwa hiyo ya saba inapigwa kwake. Kuna kipindi, 1985 mpaka 2013, ilikuwa mbili-tatu-mbili ili kupunguza safari, na ukiangalia ramani unaelewa, Boston kwa Celtics na Los Angeles kwa Lakers, kila mmoja yuko pembe yake ya Marekani.

Sasa hao ndo watani wenyewe. Mpaka 2025 Celtics wana ubingwa 18, Lakers 17. Simba na Yanga kwenye ligi wanakutana mara mbili kwa msimu, na hawa hivyohivyo, mbili tu, ila wako kanda tofauti kwahiyo kwenye mtoano hawagusani mpaka fainali, na wakigusana sasa wanaweza kuonana mara saba ndani ya wiki mbili na kitu, sura zilezile, kila kocha keshajua mwenzake anapenda kupitia wapi. Hasira lazima zipande.

Fainali wamekutana mara 12, Celtics wamebeba 9. Ya kwanza 1959, Lakers bado wako Minneapolis, wakafagiwa. Wakahamia Los Angeles 1960 wakaenda kupoteza nyingine sita kwa haohao mpaka kufika 1969! Ya 1969 ndo inauma zaidi, gemu ya saba iko kwao, mwenye timu kashajaza maputo darini ya kumwaga wakishinda, Celtics wakachukua 108-106 na maputo yakabaki hukohuko juu. Jerry West wa Lakers akapewa MVP, yaani mchezaji bora, wa fainali, mpaka leo hakuna mwingine aliyeipata akiwa upande uliofungwa.

Ila ukitaka kuelewa faida ya gemu saba angalia 1985. Gemu ya kwanza Lakers walipigwa 148-114. Ingekuwa fainali ya mechi moja hadithi imeisha hapo, na watu wangesema Kareem Abdul-Jabbar wa Lakers, mzee wa miaka 38, astaafu tu maana alifunga pointi 12 na kuokota rebaundi 3, yaani mipira iliyokosa kikapu. Gemu ya pili huyohuyo mzee akaweka 30 na rebaundi 17, Lakers wakamaliza kazi kwenye gemu ya sita, tena palepale Boston, na MVP akawa yeye.

Mara ya 12 ilikuwa 2010, ikafika gemu ya saba, Kobe Bryant wa Lakers akaingiza mashuti 6 kati ya 24 ila akaokota rebaundi 15, Lakers wakashinda 83-79. Wengine wanasema ile gemu ilikuwa mbaya. Mi naona ndo ilivyotakiwa kuwa, miguu imeshakufa, kila mtu anajua mbinu za mwenzake, kikapu kimoja unakitolea jasho la siku nzima.