Cheti cha udula hakikufungulii mlango wa leba

Mimi ni dula, yaani msindikizaji wa mama wakati wa uchungu, si mkunga. Nimeulizwa tena: "Dada, nichukue kozi gani ya udula ya Marekani ili niruhusiwe kuingia leba hapa Kampala?" Hakuna. Iwe ya Marekani, ya Uingereza au ya jirani zetu Kenya, hakuna kozi inayokupa ruhusa hiyo. Mlango wa leba una mwenyewe, naye ni sista wa zamu. Hajui DONA, shirika la Marekani linalothibitisha madula, ni mnyama gani, wala hana muda wa kumjua. Atakuuliza jambo moja tu: "Wewe ni nani wake?" Ukijibu kwamba wewe ni dula uliyethibitishwa kimataifa, utabaki kwenye benchi la nje na begi lako. Ukijibu, "Nimetoka naye nyumbani, Kiganda hakijui, nitakutafsiria," mara nyingi utapita. Kazi yangu kubwa ni kwa akina mama Wakongomani wa mitaa ya Katwe na Nsambya, na Kiswahili kimenifaa mlangoni kuliko karatasi yoyote niliyo nayo.

Sisemi vyeti ni takataka. Changu ninacho na nakilipia. Kinachonichosha ni watu kuchanganya mafunzo, uthibitisho na leseni kama vile ni kitu kimoja.

Mafunzo ni zile siku chache za darasani au za Zoom. Mwishoni unapewa karatasi inayosema ulihudhuria, basi. Kesho yake mtu keshajiandika WhatsApp "dula wa kimataifa". La hasha! DONA, lililoanzishwa Marekani mwaka 1992, halikuhesabu miongoni mwa waliothibitishwa mpaka usome vitabu vyake, usimame na akina mama wakiwa kwenye uchungu wenyewe, uandike ulichokiona, ulete na tathmini za watu uliowahudumia. Miaka kadhaa baadaye unalipa tena kujisajili upya. CAPPA, shirika jingine la aina hiyo lililoanza 1998, nalo ina mlolongo wake. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, na si kwa uvivu. Sista aliyekesha usiku kucha, umpe fomu ya Kiingereza akusifie kwa shirika la ng'ambo? Na mama aliyezaliwa Bukavu, asiyesoma Kiingereza, aijaze vipi? Uliza hayo kabla ya kutuma pesa. Wakikosa jibu, ujue hawakukufikiria walipoitunga programu yao.

Leseni ni habari nyingine kabisa. Hapa Uganda hutolewa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, chini ya sheria ya 1996, na wanaoipata ni wauguzi na wakunga. Dula hayumo.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni: inanikataza nini? Kozi nzuri itakukataza kupima njia (kuingiza vidole kuona imefunguka kiasi gani), kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kutoa dawa (za kienyeji zimo), na kubishana na daktari kwa niaba ya mama. Kuna matangazo yanayokuahidi kujifunza kupima njia kana kwamba ni zawadi ya nyongeza. Yakimbie. Wakunga wa jadi waliambiwa na serikali waache kuzalisha mwaka 2010. Siku dula atakapoingiza vidole, hakuna atakayekaa kumtofautisha nao, na atakayeumia kwanza ni mama.

"Na mkunga akiwa hayupo?" Hilo ndilo swali ambalo kozi nyingi hulipita mbio. Sista mmoja, akina mama kadhaa, na kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Umeita, umepaza sauti, hajafika. Nimelifikiria miaka yote na bado sina jibu linaloniridhisha. Ila mwulize mkufunzi wako. Akisema hilo haliwezi kutokea, hajawahi kukanyaga wodi ya umma.

Ya beseni la kuzalia na mpango wa kujifungua wa kurasa nne, yasome upesi tu. Mama wako atafika na kaveera (karatasi ya plastiki ya kulalia), pamba, glavu na wembe, na kitanda cha jirani kitakuwa pale pale. Tumia muda kwenye mikono. Kisigino cha kiganja kinakaa kwenye ule mfupa bapa wa chini ya kiuno, juu kidogo ya makalio. Uchungu ukipanda unakandamiza moja kwa moja bila kusugua, ukishuka unaachia. Nguvu yake huwashangaza wanafunzi wote, na haionekani kwenye skrini. Unataka mkufunzi anayekupa kiuno chake mwenyewe ukandamize mpaka aseme, "Hapo!" Hata hivyo nawajua waliosomea kwenye simu tupu ambao wakiingia leba wanatushinda sisi wa darasani, kwa hiyo hata hili silishikilii kwa kiapo.

Tena kuna jambo ambalo wauza kozi hawalitangazi. Utafiti wa Guatemala wa 1980, uliozipa nguvu hoja zetu zote kwamba mama akiwa na mtu wa kumtegemeza hujifungua vyema, ulitumia wanawake wa kawaida waliokaa tu na mama. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, yenye akina mama zaidi ya 15,000, yalichanganya wafanyakazi wa hospitali, madula na ndugu wa mama. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilipendekeza mama awe na mwenza anayemtaka mwenyewe, na huyo anaweza kuwa ssenga wake (shangazi) asiye na cheti chochote. Kwamba cheti kinaongeza kitu juu ya hapo, mimi binafsi sijashawishika.

Nilichokinunua mimi ni mipaka na wenzangu wa kuwapigia. Kwa hiyo ukinibana nichague, nitakuambia umtafute mkufunzi aliyekaa leba za Uganda na atakayepokea simu yako saa nane usiku, hata kama nembo yake haijulikani ng'ambo. Ukilenga wateja wenye pesa wa mtaa wa Kololo na balozini, hao ndio huulizia DONA. Hiyo ilipie baadaye, dola zikipatikana.