Je, wajua kwa nini kifafa kingine hakisikii dawa?

Mchukulie kijana wa Likoni, Mombasa, anayemeza vidonge vyake asubuhi na usiku, mwaka wa tatu huu, na bado anaanguka. Juzi bafuni, jana kizingitini mwa msikiti. Mamake keshachoka kuulizwa kliniki, "Mama, una hakika dawa anameza?" Majirani nao hawaulizi, wao wana jibu tayari: katupiwa kitu.

Huenda mama anasema kweli, na huenda hakuna aliyemtupia kijana chochote. Kuna kifafa sugu. Madaktari wa kifafa duniani walikubaliana mwaka 2010 kukiita hivyo pale mgonjwa anapokuwa amejaribu dawa mbili zinazofaa aina yake ya kifafa, kwa kipimo cha kutosha na bila kuziacha, na bado kifafa hakijatulia. Dawa mbili tu. Wengi hudhani ni lazima ufike ya sita au ya saba.

Kwa nini mbili? Mwaka 2000 watafiti wa Glasgow, Uskochi, walitoa matokeo ya wagonjwa 470 waliokuwa hawajatibiwa kabla. Kati ya kila 100, 47 walitulia kwa dawa ya kwanza. Ya pili ikaongeza 13. Dawa zote zilizofuata, hata zikichanganywa mbilimbili, ziliongeza 4 tu. Mwaka 2018 hesabu ikarudiwa Glasgow hukohuko, safari hii kwa wagonjwa wengi zaidi na dawa mpya chungu nzima zikiwa zimeingia sokoni. Jumla ilibaki palepale: kama 64 kati ya 100. Kwa hivyo theluthi moja hivi ya wenye kifafa huangukia upande wa kijana wetu.

Kinachofanya dawa igome bado kinatafutwa. Ubongo una ukuta unaochuja kinachotoka kwenye damu, na ukuta huo una vijipampu vya kutupa nje vitu vigeni. Wengine wanaamini kwa baadhi ya wagonjwa vijipampu hivi vimezidi bidii, dawa inarudishwa mlangoni. Wengine wanasema dawa inaingia vizuri, ila vile vitundu vya seli ambavyo ilikuja kuvibana vimebadilika umbo, ni kama ufunguo wa zamani kwenye kufuli jipya. Na mara nyingi kuna kovu: mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au malaria ilimpanda kichwani, au alipata degedege la muda mrefu (lile ambalo wazee wetu wa Pwani walilihesabu kuwa ni nyuni), na sehemu ya ubongo ikabaki imeharibika.

Lakini kabla ya kukiita sugu, kuna usugu wa bandia, nao ndio unaonikera zaidi kwa sababu unatibika. Kuna kifafa cha ujanani kinachoshtua mikono asubuhi mtu akiamka, kikombe cha chai kikamponyoka na hata hajui kwa nini. Huyo akipewa kabamazepini, mojawapo ya dawa za kifafa, anaweza kuzidi badala ya kupona. Kuna mwingine ambaye hana kifafa kabisa: ni moyo unaoruka mapigo, au ni mishtuko inayotokana na dhiki ya nafsi, ambayo si maigizo lakini haitulizwi na vidonge vya kifafa. Ndiyo maana video fupi ya simu, iliyochukuliwa na nduguyo wakati unaanguka, humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Na kuna dawa isiyofika tumboni. Utafiti uliofanyika Kilifi, hapo jirani, uliotolewa mwaka 2012, ulipima damu za wenye kifafa na kukuta wapatao 6 kati ya 10 hawapo kwenye matibabu. Nauli, dawa kwisha, kwenda kwa mganga kwanza, yote yanachangia.

Ramadhani ina shughuli yake. Fenobarbitoni, dawa nyingine ya kifafa, hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hivyo mara nyingi humezwa mara moja usiku. Kabamazepini huisha upesi, na kuiruka ya mchana ni kumwita ugonjwa kwa jina. Hata ambaye dawa zake zinapangika kati ya futari na daku anakutana na adui mwingine, usingizi wa vipande vipande. Muulize daktari mwezi wa Shaabani, usingoje mwandamo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula.

Dawa mbili zikishindwa kweli, safari haiishi. Daktari wa neva huomba EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) na MRI (picha ya ndani ya ubongo) kutafuta kama kifafa kinaanzia mahali pamoja panapoweza kukatwa. Nchini Kanada, katika jaribio lililotolewa mwaka 2001 kuhusu kifafa cha upande wa ubongo karibu na sikio, 58 kati ya 100 waliopangiwa upasuaji walikuwa wameachana na kuanguka kwa kupotewa na fahamu baada ya mwaka mmoja. Kwa waliobaki na dawa tu, walikuwa 8 kati ya 100. Kuna pia lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo mno, iliyoanza 1921, hasa kwa watoto. Usikimbilie tui la nazi peke yako. Inapimwa kwa gramu chini ya mtaalamu, na mahamri hayamo.

Huku nyumbani, mlango wa bafu usifungwe kwa komeo. Jiko liwe pembeni, kuogelea kuwe na mtu, na kwenye feri asimame mbali na ukingo. Akianguka, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Kijiko mdomoni hapana, kitamvunja meno. Ikipita dakika 5 bila kutulia, ita tuktuk, twende hospitali.