Joto la Gari la Turbo Kwenye Mwinuko wa Nakuru

Mashindano ya kupimana na saa yanapokaribia, kama yale ya Kiamburing kule Kiambu, magari ya turbo (pampu inayozungushwa na ekzosi ili kuisukumia injini hewa) huanza kuingia gerejini kwangu hapa Nakuru: Subaru Impreza na Forester, Mitsubishi Lancer Evolution, siku hizi hata Volkswagen Golf. Wenyewe huja wakiulizia nguvu. Mimi huanza na joto. Injini nzima yoyote itakupa raundi moja ya kasi. Kazi iko kwenye raundi ya tano, wakati geji ya maji inapanda na pedali ya breki imeanza kulegea.

Kuna dhana ningependa kuing'oa mapema. Watu huona Nakuru ni baridi kuliko Kisumu au Mombasa, basi wanaamini gari la hapa haliwezi kuchemka kirahisi. Baridi ipo kweli, lakini hewa ni nyepesi. Tuko takriban mita 1,850 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 81, pwani ni 101. Kwa joto lilelile, hewa inayopita kwenye rejeta yako ina uzito pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano, na ni uzito huo unaobeba joto na kulitoa.

Gari lisilo na turbo huumia na kupona hapo hapo: hewa ikipungua nguvu nayo inapungua, joto linashuka pamoja nazo. Turbo haikubali. Inazunguka kwa kasi zaidi mpaka ifikie presha iliyopangiwa na kompyuta, na kama bado haijafika ukomo wake, injini hutoa karibu nguvu ileile ya pwani. Joto nalo ni lilelile. Ila rejeta, intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) na diski za breki hazina turbo ya kuzirudishia hewa iliyopungua. Jambo hili moja likieleweka, mengine yote yanafuata.

Tuanze na intakula. Chukua injini iliyopangiwa kilopaskali 200 ndani ya manifoldi, yaani mirija inayogawa hewa kwenye silinda. Pwani, turbo inatakiwa kuibana hewa mara mbili hivi; hapa ni karibu mara mbili na nusu. Hewa ikibanwa hupata joto. Ikiingia na nyuzi 25, kwa turbo yenye ufanisi wa kawaida, pwani itatoka ikiwa karibu nyuzi 120, na Nakuru itatoka ikikaribia 150. Hizo nyuzi 30 za ziada intakula inatakiwa kuziondoa kwa kutumia hewa nyepesi. Kwenye Impreza na Forester hali ni ngumu zaidi kwa sababu intakula imelazwa juu ya injini. Ukisimama kwenye foleni ya kuanzia huku injini inanguruma, intakula inaiva kutoka chini na unaondoka na hewa ya moto. Zima injini, fungua boneti, sogeza gari zamu yako ikifika.

Hewa moto ndani ya silinda huleta kugonga, yaani mafuta kulipuka yenyewe bila mpangilio, na kugonga ndiko kunakovunja pistoni. Mengi ya magari haya yalipangiwa Japani, ambako petroli ya daraja la juu hufika okteni (kipimo cha kuhimili kugonga) 98 hadi 100, na petroli ya kawaida kwenye pampu zetu haifiki hapo. Kwa siku ya mbio mimi hupunguza presha ya turbo kidogo. Vijana hawapendi kulisikia hilo, lakini nalisimamia.

Kwenye maji, kitu cha kwanza ninachobadilisha ni kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo wazi hapa Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima kilichoandikwa 1.1, kipimo cha presha kinachoishikilia, hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 118, bila kuhesabu msaada wa kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Kifuniko ambacho springi yake imechoka kinakurudisha kwenye zile 94, na hapo gari linatapika maji hata kama rejeta ni mpya. Ni kipuri cha bei ndogo sana ukilinganisha na gasketi ya silinda hedi.

Halafu kuna maji yenyewe. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana madini mengi, na madini hayo hugeuka ukoko ndani ya mirija ya rejeta. Tumia maji ya betri na kulanti, nusu kwa nusu. Osha rejeta kwa nje pia, ukipiga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana vumbi la barabara za mashambani na wadudu hujaa katikati ya mapezi yake. Ziba kwa sponji nafasi zote kandokando ya rejeta, ili hewa iliyoingia kwenye bampa isipate pa kutorokea. Na lile bati au plastiki la chini ya injini ambalo mafundi wengi hulitoa na kulitupa, lirudishe. Huongoza hewa itoke vizuri nyuma ya rejeta.

Tafadhali pia, acheni kutoa thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto. Najua ni desturi. Kwenye injini nyingi za Kijapani, thamostati ikifunguka hufunga njia ya mkato kwa sahani yake ya chini, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Asubuhi injini inachelewa kupata moto, na kwenye raundi kali inachemka.

Joto la oili huchelewa kupanda kuliko la maji, na huchelewa kushuka. Geji ya maji inaweza kukaa palepale huku oili imevuka mipaka, kwa hiyo geji ya joto la oili ndiyo ya kwanza kununua. Hadi nyuzi 110 sina wasiwasi. Ikifika 120 naangalia kila baada ya kona, ikikaribia 130 dereva anapunguza mwendo. Tumia oili nzito kidogo ya sintetiki, kama 5W-40, na ijaze mpaka alama ya juu, kwa sababu kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu inaweza kuvuta hewa.

Sasa breki, ambazo kwangu ndizo zenye uzito kuliko yote, maana injini ikifa gari husimama, breki zikifa halisimami. Gari la kilo 1,500 likishushwa kutoka kilomita 160 hadi 60 kwa saa hutia kwenye breki nishati ya karibu megajuli 1.3. Joto hilo linatosha kuchemsha lita nne za maji ya bomba, na linaingia kwenye diski kwa sekunde nne au tano, sehemu kubwa ikiwa za mbele. Kona inayofuata, tena. Na kwa kuwa turbo imekulindia nguvu, na hewa nyepesi hailizuii gari sana kama ile ya pwani, unafika mwisho wa mnyoosho na kasi ya pwani au zaidi, huku hewa ya kupoza diski ikiwa pungufu.

Jifunze kutofautisha aina mbili za kushindwa. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halipungui mwendo, pedi zimepita joto lake. Pedi za kawaida za mjini hazikutengenezwa kwa diski zenye nyuzi 400 na kupanda. Pedali ikilainika na kuzama, mafuta ya breki yamechemka na kuna mvuke ndani ya mabomba. Hili la pili ni hatari zaidi kwa sababu huja ghafla: ukiwa umekanyaga, presha huzuia mafuta yasichemke; ukiachia, mvuke unatokea, na unagundua kwenye kona inayofuata.

Kwa viwango vya kimataifa, mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu wa hewa, kiwango chake ni 155 tu. DOT 5.1 ni 260 na 180. Ndiyo maana mafuta mapya ya DOT 4 ni bora kuliko ya gharama yaliyokaa kwenye gari miaka miwili, au kwenye chupa iliyofunguliwa. Pedi mpya nazo zizoeshwe kwanza kwa kukanyaga mara kadhaa kwa nguvu bila kusimama kabisa, kisha ziachwe zipoe. Ukiweka bomba la hewa kutoka kwenye bampa, lielekeze katikati ya diski upande wa ndani, kwa sababu diski yenye njia za hewa kati ya nyuso zake mbili huvuta hewa kutoka kwenye kitovu na kuitupa nje. Hewa ya kupuliza upande mmoja wa uso huipoza diski vibaya.

Uwanjani, kanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha achia. Kubembeleza breki mnyoosho mzima hujaza joto na hakuzipi nafasi ya kupumua. Raundi tatu au nne za kasi zinatosha kwa mkupuo mmoja, halafu raundi nzima ya polepole kwenye gia ya juu, turbo ikiwa haisukumi. Raundi hiyo huifaa turbo kuliko kusimama na injini ikinguruma: ekzosi inayopita humo inaweza kuzidi nyuzi 900, na ukizima hapo hapo oili iliyobaki kwenye beringi hugeuka masizi magumu.

Ukiegesha, acha gari likiwa kwenye gia, weka jiwe chini ya tairi na usivute handbreki, kwa sababu pedi zikibana diski moto mahali pamoja huacha alama, na ukiondoka usukani unatetemeka. Usiguse kifuniko cha rejeta mpaka mpira wa juu ukubali kubonyezwa kwa mkono. Ukirudi gerejini, toa mafuta ya breki kwenye kalipa za mbele kwanza uyatazame: yakiwa meusi au yana povu, badilisha yote kabla gari halijarudi barabarani.