Vegani si yule asiyekula nyama tu

Wiki jana neno vegani nimelisikia tena hapa Shela, Lamu. Mpishi mmoja, na ni mpishi namheshimu sana, kaambiwa mgeni wa chumba cha juu ni vegani, akasema, "Si yuwasema hali nyama? Basi mpikieni samaki wa kupaka." Samaki akapikwa, changu mzima, tui zito na ukwaju, akapandishwa juu na wali wa moto, mgeni akaiangalia ile sahani akanyamaza, mwisho akala wali na kachumbari. Hakuna aliyekusudia kumkosea, na ndo maana nimeona niandike, manake neno hili siku hizi liko kwenye menyu kuanzia Lamu mpaka Malindi na mara nyingi limewekwa pasipo pake.

Vegani ni mtu asiyetumia kitu kilichotoka kwa mnyama, na mnyama hapa ni pamoja na samaki, ndege na mdudu. Kwa hivo hakuna nyama, samaki, kamba, mayai, maziwa, samli wala asali, na wengi hawavai ngozi wala hariri. Wapo wanaofanya hivo kwa ajili ya afya au mazingira lakini asili yake ni kutotaka kiumbe auawe au atumikishwe kwa ajili yao. Maana ndiyo hiyo, haina mengi.

Shida inaanzia kwenye neno letu wenyewe, nyama. Zamani nyama ilikuwa ni yule kiumbe na pia minofu yake, lugha nyingi za Kibantu ziko hivo mpaka leo, na mnyama amezaliwa humo humo. Lakini jikoni neno limebana. Mtu akikutuma nyama sokoni ukarudi na pweza utarudishwa, na tunasema kila siku leo hakuna nyama kuna samaki. Sasa ukitafsiri vegani kuwa asiyekula nyama, ushamfungulia mlango samaki, na nyuma yake wanaingia mayai na samli bila hodi. Na hata yule asiyekula nyama wala samaki lakini anakunywa chai ya maziwa, huyo ni vejitariani, si vegani.

Na ugomvi huu hata Waingereza waliupitia. Chama chao cha vejitariani kilianzishwa 1847, na wanachama wengi walikuwa wanatumia maziwa na mayai bila wasiwasi. Wakatokea wachache wakasema hapana, ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, na ndama dume asiye na kazi kwa mfuga maziwa anaishia kwa mchinjaji, kwa hivo maziwa na nyama ni biashara moja. Novemba 1944 Donald Watson, mwalimu wa useremala, pamoja na Dorothy Morgan aliyekuja kuwa mkewe, wakalichukua neno vegetarian wakabakisha herufi 3 za mwanzo na 2 za mwisho, ikawa vegan. Yani neno lenyewe lilitengenezwa ili litofautishe! Ndo maana naumia nikiona linatumiwa kufuta ile tofauti iliyolizaa.

Sasa asali. Hapa ndipo watu wa kwetu wanaposhangaa kabisa, na nawaelewa. Nyanya yangu alikuwa na chupa ya asali ya Waboni, wale watu wa msituni, iliyoletwa kutoka bara, ndani yake kipande cha sega na nyuki mmoja amekwama kwenye nta, mbawa zake zimenyooka kama yuko hai. Mtoto ukikohoa unapewa kijiko. Ukimwambia mtu kama yeye kuna anayekataa asali atakuuliza, kwani kuna mnyama aliyechinjwa? Lakini nyuki hatengenezi asali kwa ajili yetu. Anafyonza maji matamu ya maua, anayabeba tumboni kwenye kifuko maalum, mzingani wanapokezana kwa mdomo na kuyapepea kwa mbawa mpaka yakauke yawe mazito, kisha wanaziba kwa nta, ni akiba yao ya siku ambazo maua hakuna. Nyuki mmoja maisha yake yote inakadiriwa anatengeneza kama sehemu moja ya 12 ya kijiko cha chai. Vegani anaiona ile ni akiba ya mwenyewe na hataki kuichukua, basi. Na wadudu wengine ni hivo hivo: rangi nyekundu iliyoandikwa E120 kwenye pakiti za peremende na baadhi ya yogati inatoka kwa vidudu vidogo vya kwenye dungusi, wanakaushwa na kusagwa, nyingi inatoka Peru.

Na wala vegani hasemi asali ni haramu, hapa ndo watu wanakasirika bure. Sisi tumefundishwa asali ina shifaa, iko kwenye Suratun Nahl, na vegani hajaligusa hilo. Haramu na halali ni hukumu, hili ni jambo la mtu kujizuia mwenyewe. Hazilingani kabisa: jelatini, ile ya kugandishia peremende inayotolewa kwenye ngozi na mifupa, ikiwa ni ya ng'ombe aliyechinjwa kwa bismillahi ni halali lakini si vegani, na mvinyo unaweza kuwa vegani lakini si halali, ingawa hata mvinyo kuna ambao husafishwa kwa kibofu cha samaki. Kwa hivo usimwekee mgeni vegani kibandiko cha halali ukadhani umemaliza, wala kinyume chake.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba chakula chake tunacho kila asubuhi. Mbaazi za nazi, na mahamri ya unga, tui, hamira, sukari na iliki, yakachomwa kwa mafuta ya kupikia, hapo hakuna mnyama, ila uangalie tu kama aliyekanda ametia yai au maziwa ya unga. Tui si maziwa, bahati nzuri sisi tuna neno lake.

Kwa hivo mgeni akisema vegani msimuulize kama anakula nyama. Mtajieni moja moja, samaki, mayai, maziwa, samli, asali, atawajibu mwenyewe wala hatachukia. Na ile menyu yenye chapati ya samli, futeni vegani muandike haina nyama, hapo mtakuwa mmesema kweli.