Bakteria endofiti: wapangaji wa mimea wanaotengeneza dawa

Bakteria endofiti ni wale wanaoishi ndani ya mizizi, shina au majani ya mmea bila kuuletea ugonjwa. Mmea unawapa makazi na chakula, na baadhi yao hulipa kodi kwa kutengeneza kemikali zinazoua au kudumaza vijidudu wengine. Kwa kuwa bakteria wa maradhi wanazidi kuwa sugu kwa dawa zilizopo, kemikali hizo sasa zinasakwa.

Mfano mzuri unatoka kaskazini mwa Australia. Wenyeji wa asili wa huko walitibu majeraha kwa mmea utambaao ambao watafiti wameutaja kuwa wa jenasi ya Kennedia. Gary Strobel wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, Marekani, na wenzake walipouchunguza walikuta ndani yake bakteria wa jenasi ya Streptomyces. Mwaka 2002 walitangaza kwamba anatoa kemikali walizoziita munumbisini, ambazo maabarani zilimdhibiti hata bakteria wa kifua kikuu sugu. Ukoo huo si mgeni: streptomaisini, antibayotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu, ilipatikana 1943 kwa ndugu yake wa udongoni. Je, sifa ya kuponya majeraha ilikuwa ya mmea au ya mpangaji? Huenda wote wawili, maana mimea nayo ina kemikali zake.

Kumpata bakteria huyo kunataka usafi wa kupindukia. Kipande cha shina huchovywa kwenye spiriti na klorini ili kuua kila kilicho juu ya ganda, kisha husuuzwa. Maji ya msuuzo wa mwisho nayo huwekwa kwenye sahani ya virutubisho: kikiota kitu, matokeo hayaaminiki, kwani aliyepatikana huenda alikuja na vumbi tu. Msuuzo ukiwa safi, kinachoota kutoka kwenye shina lililokatwa ndicho hujaribiwa dhidi ya bakteria wa maradhi.

Kuua kwenye sahani, hata hivyo, bado si dawa. Klorini pia inaua, na hakuna anayeinywa kutibu jipu. Lazima ijulikane kama kemikali hiyo inadhuru seli za binadamu. Ikifaulu, kuna faida kubwa: bakteria hukuzwa kwenye matangi na mti haukatwi. Tatizo ni kwamba baadhi yao wakitenganishwa na mmea hupunguza uzalishaji, au huacha kabisa.